RIZIKI YA YATIMA NI AMANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekulia katika uyatima. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, imepokewa ya kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alikuwa akimpa fungu katika Baitulmali kila mtoto aliyekwisha kuacha ziwa. Usiku mmoja, alipokuwa akiwalinda wasafiri waliotua Madina, alisikia mtoto mchanga akilia hata karibu na alfajiri. Akamuuliza mamake. Yule mwanamke, asijue asemaye naye ni nani, akamjibu kuwa amwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hampi kitu anyonyaye. Umar akasali alfajiri hali akilia, kisha akaamuru fungu litolewe tangu kuzaliwa. Alijilaumu nafsi yake.

Na katika zama zetu, mwaka 2004, Serikali ya Kenya ilianza, kwa majaribio, kuwapa fedha walezi wa yatima na watoto mafukara katika Kwale, Garissa na Nairobi. Baadaye kipawa hicho kikafikia shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba moja, wawe watoto wawili au saba. Jambo hili ni jema, na atendaye jema yatupasa tumshukuru.

Lakini yatupasa kujihadhari na mambo mawili. La kwanza, mlezi apokeaye fedha ile akaitumia kwa haja zake, na mtoto akalala na njaa. Huyo na aisome Suratun Nisaa, aya ya 10, ajue kuwa alacho ni moto. Mlezi tajiri na ajizuie. Mlezi fukara na ale kwa kadiri ya haki, basi.

La pili, mwenye mali asemaye: "Serikali yatosha." La, hasha! Kipawa cha Serikali hakiondoi zaka shingoni mwa tajiri, wala hakiondoi nafaka shingoni mwa baba aliyemtaliki mke akawasahau wanawe. Hiyo ni deni, naye ataulizwa.

Basi kila mmoja wetu atokapo msikitini leo, na asikilize nyumba ya jirani yake: je, yuko mtoto aliaye?

Ewe Mola, tujaalie tuwe miongoni mwa watimizao amana. Amin.