Mdharau Waya

Kupandisha injini ya kisasa kwenye gari la zamani ni kazi mbili, ya chuma na ya umeme. Ya chuma ina watazamaji wake: winchi inapoinua injini, gereji nzima husimama. Ya umeme huachwa mwisho, fedha zikiwa zimepungua na mwenye gari akiuliza kila asubuhi lini atakabidhiwa ufunguo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Katika kazi hii mwiba ni waya, na kisa hiki ni cha mtu aliyeudharau.

Mwanamume mmoja wa Arusha alirithi kwa baba yake Land Rover 109 ya toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Bodi na chesisi vilikuwa vizima, ila injini ya petroli ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi 70 hivi, ilikuwa imechoka. Hakutaka kuliuza gari la marehemu wala kuliacha lioze uani. Akaamua kulitia injini ya Toyota 1UZ-FE, V8 ya lita 4 iliyoanza kuonekana mwaka 1989 kwenye Lexus LS 400. Uamuzi wenyewe ulikuwa na mantiki. Injini hiyo inasifika kwa kudumu, na mafundi wa Afrika Kusini wameipandisha kwenye Land Rover nyingi.

Injini ilitoka Sharjah, kwa wauza vipuri vilivyotumika. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ilikuja ndani ya mfuko wa nailoni. Nyaya zilikuwa zimekatwa kwa plaizi, zikabaki kama shina nene lenye ncha za rangi zote. Dukani hapo palikuwa na injini nyingine iliyotolewa na nyaya zake zote hadi kwenye soketi, ila bei yake ilikuwa juu zaidi. Akachukua ya bei nafuu, na hasara yake yote ilianzia hapo.

Fundi wa chuma alifanya kazi safi. Sahani ya kuunganishia injini na giaboksi ilikaa sawa, redieta kubwa ikapata nafasi, kila kitu kikapigwa rangi kikang'aa. Umeme akapewa kijana mwepesi wa mikono.

"Bosi, nyaya hizi nitazifuata kwa rangi," kijana alisema. "Keshokutwa unaondoka na gari lako."

"Na ile taa ya injini ya kwenye dashibodi, utaiweka wapi?"

"Hiyo haina kazi, bosi. Hizi Land Rover za zamani hazikuwa nayo, na zilitembea."

Keshokutwa yake injini iliwaka kweli. Majirani walitoka kuisikiliza ikinguruma, na mwenye gari akalipa fedha zote siku hiyo hiyo.

Dalili hazikukawia. Moshi mweusi ulitoka hata injini ikiwa ya moto, na petroli ikaisha haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kijana akabadilisha plagi. Kebo ya mafuta, ile ya pedali, ikawa ngumu, na baada ya kupiga starta ilikuwa ya moto ukiigusa. Kijana akaipaka grisi. Siku moja gari likagoma kabisa, ikabainika kontroboksi imekufa. Ikanunuliwa nyingine, gari likawaka, na hakuna aliyeuliza ya kwanza ilikufa kwa nini. Kila dalili ilijibiwa kwa kununua kifaa kipya, ilhali vifaa havikuwa vibovu.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa ya kumpeleka shangazi yake Dodoma. Walipita Babati salama. Katika milima ya Bereko, kabla ya Kondoa, injini ilizima ghafla na harufu ya mpira unaoungua ikajaa ndani. Alipofungua boneti aliona waya mwekundu umeiva kama kaa, na nyaya za jirani zimeshika moto. Kilichomtisha zaidi ni mlio kutoka nyuma: injini imesimama, lakini pampu ya petroli bado inasukuma. Alimshusha shangazi, akang'oa kichwa cha betri kwa mkono uliofungwa kanga, akazima moto kwa mtungi aliokuwa nao. Hawakuumia. Mpira mmoja wa petroli ungepasuka wakati ule, kisa hiki kingesimuliwa kwa namna nyingine.

Gari lilivutwa hadi Arusha, kwa fundi umeme mtu mzima aliyeanza kazi enzi za kabureta na ambaye hakuacha kujifunza mifumo ya magari mapya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mchoro wa nyaya za injini hii uko wapi?"

"Hakuna mchoro, mzee. Aliunga kwa rangi."

Mzee alitikisa kichwa. Kwenye mfumo mmoja rangi moja huweza kutumika katika njia zaidi ya moja, na anayeunga kwa rangi peke yake anabahatisha.

Alianza na kipimo kinachochukua dakika moja. Aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaamuru starta ipigwe. Ilipaswa isome chini ya nusu volti. Ilisoma zaidi ya volti tatu, maana yake umeme wa starta haukuwa na njia nzuri ya kurudi betrini. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo sababu injini hufungwa waya mnene wa ethi. Waya huo ulikuwepo, lakini kijana aliufunga juu ya rangi mpya, kwenye bodi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na chesisi yake ni ya chuma, na pale metali hizi mbili zinapokutana na unyevu huliana kwa kutu. Starta inahitaji zaidi ya ampea 100. Ikikosa njia nene hutafuta nyembamba, na hapa ilipita kwenye kebo ya mafuta na kwenye nyaya za ethi za sensa zinazoingia ndani ya kontroboksi. Kebo ya moto ilikuwa inaeleza hivyo tangu mwanzo, na kontroboksi ya kwanza iliunguzwa kwa njia hiyo hiyo.

Kisha alirudisha taa iliyotupwa. Kwenye Toyota za miaka ile, ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwenye soketi ya uchunguzi, taa ya injini hupepesa kwa hesabu na kutaja kosa. Mzee aliwasha injini, akatikisa viungo vya nyaya kimoja kimoja, akasoma taa. Ilipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena. Kosa la 22, sensa ya joto la maji. Sensa ilikuwa nzima, ila waya wake ulisokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu. Sensa hii hupunguza ukinzani kadiri maji yanavyopata moto: kwenye nyuzi 20 huwa kati ya kiloomu 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 hushuka hadi karibu 0.3. Kiungo kibovu huongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa, kontroboksi ikaamini injini ni ya baridi, ikaendelea kumwaga petroli. Moshi mweusi ulitokana na hilo, na plagi zilitupwa bure.

Waya ulioungua ulikuwa wa pampu. Kijana aliuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, akaupitisha kando ya ekzosi. Ganda liliyeyuka, shaba ikagusa chesisi. Kwenye gari lake la asili pampu hii hupitia relei inayotegemea kontroboksi: injini ikiacha kuzunguka, pampu hukatiwa umeme. Tena pampu ya aina hii husukuma kwa karibu bari 3, kama mara kumi ya ile ya kabureta. Kuiruka relei hiyo ni kuondoa kinga iliyowekwa kwa ajili ya ajali.

Funzo la kisa hiki linaanza siku ya kununua. Injini ya kisasa, kontroboksi yake na nyaya zake ni kifaa kimoja, na vikitenganishwa unanunua nusu. Chukua iliyotolewa na nyaya zote hadi kwenye soketi, pamoja na relei zake na sensa ya hewa. Ukichagua toleo la VVT-i, lililoanza mwaka 1997, uliza ufunguo na kisanduku chake cha kuzuia wizi, kwa kuwa nyingi haziwaki bila hivyo.

Kabla ya kuunga waya wowote, mchoro uwepo mezani na kila waya ubandikwe jina. Ethi iende kutoka betri hadi injini, injini hadi chesisi, chesisi hadi bodi, na kila mahali rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Gari likiwa la kabla ya mwaka 1967, chunguza kwanza upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za wakati huo zilifungwa chanya, na kontroboksi ikifungwa hivyo inaungua papo hapo. Pima pia swichi ya kuwashia, kwa sababu baadhi ya swichi za zamani hukata umeme wa njia nyingine starta inapopigwa, na kontroboksi isiyopata umeme wakati huo haiwezi kuwasha injini. Fyuzi ikae karibu na betri. Fundi akitaka kuchomelea, betri na kontroboksi vichomolewe kwanza.

Fedha ya mwisho isitoke kwa sababu injini imenguruma. Itoke baada ya mita kusoma chini ya nusu volti starta ikipigwa, taa ya injini ikifanya kazi na isitaje kosa, pampu ikinyamaza injini inapozimika, na mchoro wa nyaya ukiwa mkononi mwako. Fundi mwenye uhakika na kazi yake atakuonyesha hayo yote kabla hujamwomba.