Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga wametuachia methali mbili kuhusu maumivu ya mtu mwingine, na ukizisoma pamoja utagundua hazisemi kitu kimoja. Ya kwanza tunaitumia kila siku: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ya pili haisikiki sana: mwenye kovu usidhani kapoa. Ile ya kwanza inakwambia huwezi kujua. Ile ya pili inakukataza kudhani. Katikati yake kuna swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu: kama maumivu yako siyahisi wala siyaoni, je, nina wajibu wa kuyaamini?

Usiwe na haraka ya kujibu ndiyo. Kwenye maandishi sote ni wepesi wa kusema ndiyo. Kwenye maisha ni habari nyingine. Mtu akipanda daladala na magongo, watu wanasogea, anapewa kiti. Mtu huyohuyo, miezi sita baadaye, magongo ameshayaacha, akisema kwamba tangu ile ajali halali usiku na kila akisikia breki anatokwa jasho, hapewi kiti. Anapewa ushauri. Jikaze. Piga moyo konde. Mshukuru Mungu, wenzako walikufa palepale. Ushauri huo hautolewi kwa ubaya, najua. Lakini ndani yake kuna hukumu ndogo: kidonda chako nilikiona kikipona, kwa hiyo hili jingine unalitengeneza mwenyewe.

Chukua mfano ambao Afrika Mashariki yote inaukumbuka. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi na ushei, lori lenye bomu lilifika kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Mlipuko mkubwa ulitanguliwa na bomu la mkono. Watu waliokuwa maofisini kwenye majengo ya jirani wakasikia kishindo, wakafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: wakasogea dirishani kuchungulia kuna nini. Ndipo ukaja mlipuko wenyewe, na vioo vikawajia usoni. Ndiyo maana kati ya majeruhi wa siku ile wengi sana waliumia macho, na wapo waliopofuka moja kwa moja. Jengo la Ufundi liliporomoka. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam, ambako ubalozi ulilipuliwa karibu wakati uleule, walikufa 11. Majeruhi walizidi 4,000.

Sasa mfikirie mtu ambaye hayumo kwenye hesabu hiyo. Alikuwa kwenye ngazi, ukuta ukamkinga. Alitoka na vumbi tu kichwani. Aliyaona aliyoyaona akishuka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, familia ikamkumbatia na kumshangilia. Mzima! Hata mkwaruzo hana! Huyu atamwambia nani, na ataanzia wapi, kwamba hawezi tena kukaa karibu na dirisha? Aliyepoteza macho ana haki ya kulia na hakuna anayemuuliza ushahidi. Huyu mwingine anajiona hata yeye mwenyewe kama mwizi wa huzuni za watu.

Hebu tutazame mwili unafanya nini. Hatari ikitokea, ubongo hausubiri kikao. Sehemu ndogo ndani yake iitwayo amigdala hupiga king'ora, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Yote hayo hutangulia neno "naogopa". Kwa watu wengi hatari ikipita king'ora huzimika. Kwa wengine hakizimiki. Tairi la lori likipasuka barabarani, mwili unarudi kulekule: jasho, pumzi fupi, mikono inatetemeka, ilhali akili inajua kabisa kwamba ni tairi. Usingizi unakuwa wa vipande vipande. Mtu anaanza kukwepa mtaa fulani, harufu fulani, hata watu fulani, na nyumbani wanasema siku hizi amekuwa mkali, hataki kuongea, labda ana lake. Kiwewe hiki hakitungwi na mwenye nacho. Mwili umejifunza somo moja kupita kiasi na hautaki kulisahau.

Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza tatizo hili rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980. Wazee wetu walikuwa wameshaliona zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukindi tu wa jani la kusukia mkeka, na kila mtu anajua hauumi. Angalia lakini methali hiyo isivyomcheka anayeshtuka. Haisemi ni mwoga. Inaeleza tu kwamba ameumwa, na kushtuka kwake ndiyo historia yake inayoonekana.

Kuna mfano mwingine ambao naona unamaliza ubishi kuhusu maumivu na macho yetu. Tangu karne ya 16 daktari mpasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika kuhusu wagonjwa waliokatwa miguu na bado wakalalamika kwamba mguu unauma. Mwaka 1871 daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyekuwa ametibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, aliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kuliita kiungo cha mzimu. Mtu anahisi vidole vimekunjamana na hawezi kuvinyoosha. Anawashwa mahali pasipo na ngozi. Mguu ulishazikwa, lakini ubongo bado una ramani yake. Basi kama maumivu yanaweza kubaki mguu ukiwa haupo, damu na mfupa uliovunjika vilikuwa dalili tu tulizozizoea. Maumivu yenyewe hatujawahi kuyaona kwa mtu yeyote, hata yule wa magongo. Yule tulimwamini kwa sababu alibeba kitu cha kutuonyesha.

Mwandishi Elaine Scarry aliligusa jambo hili katika kitabu chake The Body in Pain cha mwaka 1985. Hoja yake ni kwamba mwenye maumivu hana shaka hata chembe, na anayesikiliza habari za maumivu hayo hukaa na shaka siku zote. Watu wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja; mmoja ana hakika kuliko hakika zake zote, mwingine anajiuliza kama ni kweli. Hiyo ndiyo hali yetu. Swali la maadili linaanzia hapo: shaka yangu niipeleke wapi?

Historia inaonyesha ilikopelekwa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Charles Myers alichapisha katika jarida la The Lancet habari za askari waliopoteza kumbukumbu, kuona na hisia nyingine baada ya makombora kulipuka karibu nao. Wengine walitibiwa. Wengine walionekana waoga, na jeshi lilikuwa na adhabu ya waoga. Mwaka 2006 Uingereza ilitoa msamaha kwa askari 306 waliokuwa wamepigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga. Hatuwezi leo kusema kila mmoja wao alikuwa mgonjwa. Tunachoweza kusema ni kwamba msamaha ulikuja miaka karibu 90 baadaye, na msamaha hausomwi kaburini.

Virginia Woolf alikuwa amelieleza hili mapema, mwaka 1925, katika riwaya ya Mrs Dalloway. Septimus Warren Smith amerudi kutoka vitani akiwa na viungo vyake vyote, ila anamwona rafiki yake aliyekufa. Daktari wa kwanza anamwona hana ugonjwa wowote, anahitaji tu kujishughulisha na mambo ya nje yake. Daktari wa pili anamwona mgonjwa sana, anataka kumtenga na mkewe akapumzishwe. Mmoja hamwamini, mwingine anamwamini bila kumsikiliza. Septimus anajirusha dirishani. Kila nikiisoma sehemu hiyo najiuliza ni yupi kati ya madaktari wale ninayefanana naye zaidi, na jibu linabadilika kulingana na siku.

Na vita vilevile vilipiganwa huku kwetu. Waingereza waliwakusanya wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kumbukumbu yao imebaki kwenye majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako tunakwenda kununua nguo na nyama choma. Wale waliorudi, walirudi na nini vichwani? Hapakuwa na Myers wa kuwaandika. Kwa hiyo hata kule kuaminiwa kwa kuchelewa, kwa msamaha wa karatasi, kulihitaji kwanza mtu aone kwamba una kitu cha kuumia ndani.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki. Wapo wanaosingizia. Wapo wanaotumia maumivu kukwepa kazi, kupata fedha, kuwatawala waliomo nyumbani. Je, tuwe tunaamini kila mtu kila kitu? Mahakama haiwezi, bima haiwezi, na serikali inayogawa fidia haiwezi. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa wahanga wenye madai katika mahakama za Marekani. Wakenya wengi waliokuwa wanapita tu njia siku ile hawakuguswa na fedha hizo, nao wameendelea kudai fidia zaidi ya miaka 20 baada ya mlipuko. Panapogawanywa fedha, lazima mtu apime, na upimaji wowote utamwacha mtu nje. Huo ni mjadala mwingine, mgumu.

Lakini jirani si bima. Dada yako si hakimu. Rafiki anapokwambia halali usiku, hakuombi dola. Tumebeba vigezo vya mahakamani tukaviingiza sebuleni, ambako hasara ya kudanganywa ni ndogo sana. Nikimwamini mtu anayesingizia, nimepoteza saa moja na kikombe cha chai. Nikimkatalia anayesema kweli, nimemfundisha kwamba mahali pa maumivu yake ni gizani, na huenda asiseme tena, kwangu wala kwa mwingine. Hasara hizi mbili hazilingani. Kwa hiyo shaka yangu, kwa kuwa haitaondoka, niielekeze kwenye macho yangu mwenyewe, ambayo yameshathibitika hayaoni vizuri. Hivyo ndivyo ninavyoielewa ile methali ya kovu: neno usidhani linaambiwa mtazamaji.

Ila kuamini peke yake hakutoshi, na hapa Mgiriki Sophocles ana la kutuongezea. Katika tamthilia yake Philoctetes, iliyochezwa mwaka 409 kabla ya Kristo, shujaa ameumwa na nyoka mguuni, kidonda kinanuka, anapiga mayowe. Wenzake wanamtupa katika kisiwa cha Lemnos. Baada ya miaka kumi wanagundua kwamba hawawezi kuishinda Troy bila upinde wake. Wanarudi. Odysseus anamtuma kijana Neoptolemus amlaghai. Hakuna anayetilia shaka kwamba Philoctetes anaumia. Wanaujua mguu ule vizuri. Wanachotaka ni upinde. Kinachombadilisha kijana ni kukaa karibu na mtu yule maumivu yakimshika, na mwishowe anaurudisha upinde.

Nalitaja hilo kwa sababu zama zetu zimejifunza kupenda simulizi za majeraha. Tunamwomba mtu atusimulie, tunasambaza, tunatoa machozi, tunaondoka na upinde. Aliyeumia hana deni la kutusimulia. Kukaa kwake kimya si ushahidi kwamba amepona, na kuongea kwake si tiketi yetu ya kumgeuza mfano. Ana mambo mengine pia: ana ubishi wake kuhusu mpira, ana utani wake, ana mapishi yake. Kumwamini ni pamoja na kuamini kwamba yeye ni zaidi ya kilichompata.

Basi tufanye nini? Mimi naona Kiswahili kimeshatupa chombo, na tunakitumia vibaya. Neno pole. Mgeni akiuliza maana yake, tunapata shida kumweleza. Anayesema pole hakiri kosa. Unampa pole mtu aliyejikwaa njiani wakati hata hukuwapo. Hajidai kwamba anajua maumivu yakoje. Wala hakuna anayesema pole baada ya kuomba cheti cha daktari. Ni neno la mtu ambaye hajalala kwenye kitanda kile na bado anakiri kwamba kuna kunguni.

Tatizo ni kile tunachokiongeza baadaye. Pole, lakini jikaze. Pole, lakini yameshapita. Pole, lakini una bahati. Hiyo "lakini" ndiyo inayorudisha mahakama sebuleni. Ukiweza, siku nyingine mtu akikuletea kidonda kisicho na damu, sema pole, kisha ukomee hapo, uvute kigoda ukae. Kama anataka kuongea ataongea. Kama hataki, mnaweza kuzungumza mpira.