Dinari Mia Si Pesa Ndogo

Mkata mkonge wa Tanga enzi za kipande asingehitaji mhubiri wa kumfafanulia mfano wa mtumishi asiyesamehe. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku kibarua alipomaliza kazi aliyopangiwa, kadi ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa baada ya siku zote kutimia. Siku ya homa haikuhesabiwa. Mtu wa namna hiyo alijua deni lina uzito gani, kwa sababu alilipima kwa mgongo wake.

Katika Mathayo sura ya 18, Yesu anataja madeni mawili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Mtumishi wa kwanza alidaiwa talanta 10,000, yaani siku milioni 60 za kazi. Kwa hesabu ya mashamba ya Ngomeni au Pangani, hivyo ni vipande milioni mbili. Mwenzake, ambaye yeye alimkaba koo, alidaiwa dinari mia: vipande vitatu na siku kumi.

Mimbarani, tofauti ya madeni hayo ndiyo inayosisitizwa, na ni haki isisitizwe. Ila deni la pili hupitwa mbiombio, kana kwamba lilikuwa senti za kununulia kahawa. Miezi mitatu na ushei ya jasho si pesa ndogo kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Yesu hakusema kwamba yule wa pili hadaiwi. Deni lilikuwa la kweli, na mdai alikuwa na haki yake. Alichokosa ni kukumbuka alikotoka.

Yako mengine ya kutazama katika mfano huo. Mtumishi wa kwanza alipopiga magoti hakuomba afutiwe. Aliomba muda, akaahidi kulipa lote. Vipande milioni mbili! Bwana wake alimfutia, lakini yeye huenda alitoka pale akiamini kwamba amepewa nafasi ya kukusanya. Ndiyo maana alimshika shingo mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani. Wako Wakristo wengi wa aina hiyo. Wameungama, wamepokea ondoleo la dhambi, wamekula meza ya Bwana, na bado wanaishi kama watu wanaolipa kwa awamu. Anayejiona bado analipa hana cha kumsamehe mwenzake.

Mkoa wa Tanga una historia yake katika jambo hili. Magila, ambako leo panaitwa Msalabani, wilayani Muheza, palifikiwa na wamishionari wa Kianglikana wa UMCA katika miaka ya 1860. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, na hasa baada ya Waingereza kushindwa vibaya kwenye mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914, Wajerumani waliwatazama Waafrika wa misheni hiyo kwa jicho la shaka. Makasisi na walimu walituhumiwa kuwa wapelelezi wa adui, wakafungwa, wakateswa, na wengine wakapelekwa mpaka Tabora. Padre Samuel Sehoza aliandika habari za kifungo hicho katika kitabu kidogo cha Kiswahili, *Mwaka Katika Minyororo*, kilichochapishwa London mwaka 1921.

Kitabu hicho kinastahili kukumbukwa katika mazungumzo ya msamaha. Vita ilikuwa imekwisha, Wajerumani wameondoka, na ingekuwa rahisi kusema yaliyopita yamepita. Sehoza alichagua kuyaandika, na kuandika dhuluma iliyotendeka si kukataa kusamehe. Kama dinari mia hazijatajwa, anayesamehe anasamehe nini?

Askofu wake, Frank Weston, alifanya jambo gumu zaidi. Mwaka 1918 alichapisha waraka wa wazi kwa Jenerali Smuts akishutumu ukatili wa utawala wa Kijerumani dhidi ya Waafrika. Waingereza walimpigia makofi. Maneno hayo yaliwafaa wakati huo. Mwaka 1920 akashika kalamu tena, safari hii dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe, akipinga Waafrika wa Kenya kusukumwa kwa nguvu kwenda kuwafanyia kazi walowezi. Makofi yakapungua. Mtu aliyekubali kwamba yeye mwenyewe ni mwenye dhambi aliyesamehewa hawezi kuhesabu makosa ya jirani tu na kuyafunika ya ukoo wake.

Majenerali walipatana upesi. Paul von Lettow-Vorbeck, mshindi wa Tanga, na Jan Smuts, aliyeanza kumwinda mwaka 1916, walikaa karamu moja London mwaka 1929 na kuheshimiana kama marafiki. Ni jambo jema maadui wakila pamoja. Lakini wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, hawakuwa na kiti katika karamu hiyo, na hakuna jenerali aliyekuwa na haki ya kusamehe kwa niaba yao. Jenerali anaweza kumsamehe jenerali mwenzake yale aliyomtendea yeye. Ya mpagazi ni ya mpagazi.

Miaka ya karibuni imeleta mfano ulio bora. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Maji Maji, mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Mei 2024 Justin Welby, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury, alihubiri Zanzibar katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na akakiri dhambi ya wamishionari waliowaona Waafrika waliokombolewa kuwa watu wa chini. Mtu anaweza kuuliza maneno hayo yatafuatwa na nini, na ana haki ya kuuliza. Zakayo hakuishia kwenye kukiri. Alitaja kiasi atakachorudisha.

Wapo wanaoogopa kwamba kuhesabu kosa kutaua upendo. Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, aliikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichotangaza tangu jaladani kwamba anampenda Idi Amin. Waliomdhani amelainika walikosea. Ndani ya kitabu alisimulia mauaji yale wazi, ulimwengu ukasoma.

Ndani ya sharika zetu, hesabu hii mara nyingi haiwi sawa. Walutheri wa Usambaa wana utaratibu wa kurudi kundini: aliyetengwa husimama mbele ya usharika, akatubu, akapokewa. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa msamaha unatangazwa mahali ambapo aibu ilijulikana. Lakini mara ngapi binti aliyepata mimba ndiye anayesimama mbele peke yake, na kijana aliyempa mimba hiyo yuko kwenye kwaya akiimba besi? Na mara ngapi mke anayepigwa huitwa kwenye kikao, akaambiwa asamehe saba mara sabini, mume asiulizwe hata kama ataacha?

Wakristo wa Tanga wana majirani wa kujifunza kwao pia. Mwislamu anayekwenda hija huzunguka kwa jamaa na majirani akiomba radhi na kulipa anachodaiwa kabla ya safari. Msibani, kabla ya kuzika, msemaji wa familia husimama na kuwaita wanaomdai marehemu wajitokeze. Hakuna anayedhani kwamba rehema za Mungu zimepunguzwa kwa kutaja madeni hadharani. Tena Yesu mwenyewe alimwagiza anayeleta sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake.

Basi wazee wa kanisa, wachungaji na mapadre watakaokaa kusuluhisha watu mwaka huu wafanye jambo moja kabla ya kufungua Mathayo 18. Wamwache aliyekosewa aseme alichopoteza mpaka amalize, na wasimkatize kwa kumwambia kwamba ni mambo madogo. Kisha wamuulize aliyekosa atarudisha nini, na lini. Neno la kusamehe litamkwe na aliyekosewa, kwa wakati wake, na asiharakishwe na mtu ambaye hakupoteza hata dinari moja.