Mbwa Watano wa Bulawayo

Mwanangu, nimesikia wewe na wenzako mnaanzisha chama cha wafuga mbwa, na vyeo mmekwisha kugawana. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, katibu ni wewe. Imebaki katiba, pamoja na ule mwongozo wa kusema mbwa wenu awe na urefu gani, rangi gani, masikio ya namna gani. Mnataka vyote viishe wiki hii. Nimefurahi, kwa sababu kijana anayempenda mnyama hakosi utu. Lakini kaa kidogo. Chai bado ni ya moto, na kuna chama kimoja kilichoanza kama chenu ambacho ningependa ukijue.

Kilianzia Bulawayo, mwaka 1922, wakati Zimbabwe ikiitwa Rhodesia ya Kusini. Bwana mmoja, Francis Richard Barnes, alikuwa akifuga mbwa ambao wawindaji wa huko waliwaita mbwa wa simba. Utawajua kwa mgongo wao. Katikati ya mgongo kuna ukanda wa manyoya yaliyolala kuelekea kichwani, kinyume na manyoya mengine yote. Leo dunia inawaita Rhodesian Ridgeback. Usidhani wanamuua simba. Kazi yao ilikuwa kumzunguka, kumbwekea, kumkwepa, kumshughulisha hapo hapo mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa mwenye pupa hakuzeeka katika kazi ile.

Barnes aliona mbwa hawa wametawanyika mashambani, kila mwenye shamba akizalisha anavyojua mwenyewe. Akaogopa watapotea. Siku za maonyesho ya mbwa pale mjini, akawaomba wenye mbwa wa aina hiyo wakutane. Wakaja, na mbwa wao wakaja wa kila namna: wengine wakubwa mno, wengine wadogo wanene, wekundu, wenye michirizi, rangi chungu nzima. Mtu aliyekuwepo, B. W. Durham, ambaye Barnes alimwita amsaidie, ameacha kumbukumbu ya siku ile. Anasimulia kwamba wenye mbwa walisita kujitokeza, maana kila mmoja aliamini wa kwake ndiye hasa. Mwishowe akatoka mtu mmoja kati ya watazamaji. Akamshika mbwa mmoja, akasema umbo na kimo viwe kama vya huyu. Akamshika wa pili kwa ajili ya kichwa na shingo. Wa tatu kwa ajili ya miguu. Akaendelea hivyo, mpaka kwa mbwa kama watano hivi akawa ameunda mbwa mmoja ambaye hakuwepo pale uwanjani.

Siku chache baadaye Barnes aliandika mwongozo, akiufuatisha ule wa mbwa aina ya Dalmatian. Chama kikaundwa. Kufikia mwaka 1926 umoja wa wafuga mbwa wa Afrika Kusini ulikuwa umeukubali, na Marekani ikaitambua mbegu hiyo mwaka 1955. Klabu ile ya Bulawayo mpaka leo wafugaji wanaiita klabu mama.

Mimi nawaheshimu watu wale. Bila wao huenda mbwa hawa wangeyeyuka ndani ya mbwa wengine, na wewe usingewaona kwenye simu yako. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana nataka uwatazame vizuri, mwanangu, kwa sababu wewe pia mapenzi yako ni ya kweli, na mapenzi huwa yana haraka.

Tazama kwanza nani hakuitwa. Ule ukanda wa mgongoni ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini kabisa mwa Afrika, waliokuwa nao kabla meli yoyote ya Ulaya haijatia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Walowezi wakawachanganya na mbwa wao. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm aliwapeleka mbwa kutoka kusini hadi misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na wa kwake, na hapo ndipo sifa ya mbwa wa simba ilipokolea. Majina ya Helm na van Rooyen yameandikwa. Mkhoikhoi aliyemlea mbwa wa kwanza, aliyejua jike lipi ni jasiri na lipi lina maziwa ya kutosha, jina lake halimo kwenye daftari la chama chochote. Hili linaniuma, na sitaki likuelee kama habari ya zamani tu.

Sasa tazama kilichoandikwa. Ukanda ukawekwa kuwa alama kuu ya mbegu. Ni jambo dogo kulisikia, na wala mwongozo haukusema mbwa yeyote auawe. Lakini katika uzao mmoja unaweza kukuta watoto wengi wana ukanda, na mmoja au wawili migongo yao imelala sawasawa kama ya mbwa yeyote. Kwa mujibu wa karatasi, hao wamekosea. Basi wafugaji katika nchi mbalimbali wakazoea kuwaua wangali hawajafumbua macho. Mazoea hayo yalidumu miaka na miaka. Uingereza yalikuwa yameingia hata kwenye kanuni za maadili za klabu ya mbegu hiyo, mpaka filamu ya BBC ya mwaka 2008 ilipoyaanika hadharani, watu wakashtuka, kanuni zikabadilishwa. Hesabu mwenyewe tangu 1922.

Na kuna jambo la kusikitisha zaidi. Mwaka 2007 watafiti, wengi wao wa Uswidi, walichapisha matokeo yao kuhusu jeni inayoleta ukanda. Mtoto akirithi nakala moja, ukanda anao. Akirithi mbili, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, ukanda anao pia, ila hatari yake ya kupata kasoro fulani ya ngozi inaongezeka: kitundu chembamba mgongoni kinachoshuka kuelekea kwenye uti wa mgongo, kinachoweza kuingia vijidudu, kuvimba na kutunga usaha. Asiye na ukanda hana jeni hiyo, na kasoro ile kwake ni nadra. Kwa hiyo wale waliotupwa, kwa upande huo, ndio waliokuwa wazima zaidi. Karatasi ilichagua alama, na mikono ikaifuata karatasi.

Hapa ndipo ninapokuomba subira. Mwaka tulioandika katiba ya chama chetu cha kufa na kuzikana, tulikuwa vijana wenye watoto wadogo na mishahara ya kila mwezi. Tukaandika: asiyechanga miezi mitatu amejitoa. Hakuna aliyepinga, tukagonga muhuri, tukaenda kula. Wajane hawakuwepo kwenye kikao. Akafiwa mama mmoja jirani yetu, ambaye michango yake ilikatika mumewe alipougua, na tukafungua katiba, na katiba ikasema ilichosema. Tulichangishana nje ya chama tukamzika mzee wa watu. Lakini niliuona uso wa yule mama pale kifungu kilipokuwa kinasomwa. Kukibadilisha kulichukua miaka, kwa sababu watu huanza kukiheshimu kilichoandikwa kuliko sababu iliyokiandikisha.

Ndiyo maana, mwanangu, ukiwa na kalamu mkononi usianze na masikio na rangi. Anzeni na mbwa anayefanya nini. Analinda? Analala na mbuzi? Anaishi na watoto wa nyumba? Mwindaji wa zamani hakuuliza ukanda, aliuliza kama mbwa atarudi hai. Kisha kaeni na daktari wa mifugo kabla ya kupitisha lolote, na mwaka hadi mwaka mwandike kila mtoto anayezaliwa, wa sura mnayoitaka na wa sura msiyoitaka, afya yake na kifo chake. Daftari hilo ni kazi ya kuchosha na halina sifa, wala halifanyiwi sherehe. Lakini bila hilo hamtajua mnachokifanya mpaka wajukuu zenu waje kuwaambia.

Wekeni kifungu kinachosema mwongozo utapitiwa upya, na mtaje mwaka wenyewe. Wekeni kingine kinachosema wazi mtoto asiyefikia mwongozo atapelekwa kwa nani na nani atalipa chanjo yake. Msimwachie mwenye banda aamue peke yake usiku.

Na kabla ya kikao, nenda kwa wale vijana wa mnadani wanaochunga na mbwa wa kienyeji. Usiende kuwafundisha. Waulize wanachaguaje, mama wa mbwa wao alitoka boma lipi, kwa nini huyu wamembakiza na yule wamemgawa. Andika majibu pamoja na majina yao, kwa herufi wanazotaka wenyewe, na uwaachie viti viwili kwenye kamati.