Pikipiki ya Baba Ina Kiti Kimoja

Siku niliyoitoa pikipiki kwa fundi na kuifikisha nyumbani, Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso, akaizunguka mara mbili, kisha akaniuliza, "Hii ni ya nani?"

"Si ni ya Baba," nikamjibu.

"Ya baba yako naijua," akasema, akarudi jikoni.

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kitu cha marehemu ukikibadilisha, kinabaki chake mpaka wapi?

Wacha nieleze nilichofanya. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Shinyalu, na mwaka 1991 alinunua Honda CG125 iliyokwisha kutumika. Honda walianza kuuza muundo huo mwaka 1976, na waliubuni kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba kuliko uwezo wake na kupata huduma kwa nadra. Ndiyo maana valvu za injini yake husukumwa na fimbo za chuma badala ya cheni ya ndani inayohitaji kukazwa. Viwanda vya China vikaja kuiga injini hiyo, na nduthi nyingi ulizowahi kupanda zina damu yake. Baba alipofariki mwaka 2019, pikipiki ilikaa kwenye banda la ng'ombe, kuku wakitaga juu ya kiti.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi wa juakali hapa Kakamega mjini. Fremu, tangi na injini tukaziacha. Mbele tuliweka foku nene zilizotoka kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali. Ilibidi shina la usukani lichongwe upya kwenye mashine ndipo liingie. Nyuma tukafunga shoka mpya za gesi. Rimu za spoki zikatoka, zikaingia za aloi na tairi pana zisizo na tyubu. Breki ya mbele ya dramu ikawa ya diski, kwa sababu mvua ya Kakamega ya saa tisa alasiri haina huruma na mtu anayeteremka mlima. Mwisho nikakata kiti, nikabakisha cha mtu mmoja, mgongo ukainuka kidogo kama zile za kwenye picha. Ilitoka safi. Vijana wa steji walisimama kuitazama.

Sasa, ni ya Baba au si ya Baba? Serikali haina shida na swali hilo. Logibuku ina namba ya chesisi na namba ya injini. Hizo zikikaa, pikipiki ni ile ile.

Wagiriki wa kale nao walibishana juu ya jambo hili. Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza meli ya Theseus, yenye makasia 30, wakitoa mbao zilizooza na kuweka nzima, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ile ile, wengine wakasema siyo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1655, Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi. Je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuunda nazo meli ya pili, ipi ndiyo ya Theseus?

Kwetu kijijini swali hilo lingeonekana la mtu asiye na kazi. Jembe la babu hubadilishwa mpini mara tano na bado ni jembe la babu, mradi linalima shamba lile lile. Hoja hiyo niliibeba kama ngao. Asubuhi nilipomweleza Mama, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigusa sehemu ya nyuma ya pikipiki, pale kiti kinapoishia, akauliza, "Na mimi nakaa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Nyuma ya kiti cha Baba kulikuwa na keria ya chuma. Mama alikalia nyuma ya Baba akipelekwa hospitali ya Mukumu kunizaa mimi, usiku, murramu ikiwa tope. Kwenye keria hiyo yalipita maziwa, magunia ya mahindi, madaftari ya kusahihishwa, na watoto wa jirani waliougua. Nilikuwa nimehesabu vyuma vilivyobaki kana kwamba ndivyo vilivyomfanya Baba kuwa Baba. Mama alihesabu nafasi, na nafasi yake haikuwepo tena.

Nilirudi kwa fundi kuitafuta keria. "Hiyo ilienda, buda," akaniambia. Alikuwa ameifunga kwenye nduthi ya kijana mmoja anayebeba abiria kutoka Khayega, pamoja na shoka za zamani. Nilikuwa nimemwachia vile vyuma mwenyewe, nikiviita takataka. Hobbes angefurahi. Mahali fulani kwenye barabara ya Khayega kuna pikipiki ya kichina iliyobeba keria ya Baba, na juu yake kuna mama na mtoto na gunia la mboga. Nikiulizwa leo ipi inafanya kazi ya Baba, lazima niwe mkweli: wiki zile ilikuwa ile, haikuwa yangu.

Sijutii foku wala diski. Sidhani heshima kwa marehemu ni kuendelea kuteleza kwa breki zao. Kosa langu lilikuwa kuchukua kitu kilichobeba wengi, nikakifanya kizuri zaidi kwa mtu mmoja, kisha nikakiita kwa jina la yule aliyewabeba.

Fundi alinichomelea keria nyingine, akarefusha kiti, akarudisha vikanyagio vya abiria. Ule mgongo wa kwenye picha umepotea, na vijana wa steji hawasimami tena. Chuma chote cha nyuma ni kipya. Baba hakukigusa hata kimoja. Jumamosi nilimpeleka Mama sokoni Khayega. Tulipopita kwenye mashimo alinyamaza kwa muda, kisha akanigonga bega.

"Hizi shoka zako ni laini," akasema. "Baba yako angekuwa nazo, mgongo wangu ungekuwa mzima."