Karata za Tarot: zinasema kweli, au tunazisemea sisi?

Kuna swali ambalo miaka ya nyuma lingechekesha, lakini leo linaulizwa kwa dhati katika nyumba za Waislamu wa mijini: je, karata za Tarot zinasema kweli? Wanaouliza wengi si wajinga. Ni vijana waliosoma, wenye kazi zao, ambao karata hizo wamezikuta kwenye simu. Wala hawaulizi hukumu yake. Kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo swala zake za siku arobaini hazikubaliwi, hayo wamefundishwa tangu madrasa. Kinachowasumbua ni kingine: "Mbona alinieleza mambo yangu yote, na hanijui?" Kumjibu mtu wa namna hii kwa neno "haramu" peke yake ni kumwacha na mshangao wake, na mshangao huo ndio utakaomrudisha kwa mpiga karata wiki ijayo.

Tuanze na karata zenyewe. Ziko 78. Kati ya hizo 56 zimegawanyika katika familia nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Mzee yeyote anayecheza karata barazani anazifahamu, kwani ndizo kopa, shupaza, uru na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno, ambayo katika lugha yao yana maana hizo hizo za vikombe, panga, dhahabu na magongo. Huko Ulaya nako zilifika tu, katika karne ya 14, kutoka nchi za Kiislamu. Karata za Misri ya Wamamluki zimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la Topkapi mjini Istanbul, nazo zina vikombe, panga, sarafu na fimbo za kuchezea polo. Waitaliano wa kaskazini, katika karne ya 15, ndio walioongeza zile 22 za picha, kama Mnara, Jua na Mauti, ili ziwe turufu. Naam, turufu! Ulikuwa mchezo, na Wafaransa wanaucheza mpaka leo.

Utabiri ulipata umaarufu baadaye sana. Mwaka 1781 mwandishi mmoja wa Paris, Antoine Court de Gébelin, alidai kwamba karata hizo ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Wakati anaandika hayo, hapakuwa na mtu aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Champollion aliyafumbua mwaka 1822, na yaliposomwa, habari za Tarot hazikuonekana humo. Lakini biashara ilikuwa imekwishaanza. Mwaka 1909 Arthur Edward Waite alitoa mjini London karata zinazotumika zaidi leo, zilizochorwa na Pamela Colman Smith, na akabadilishana nafasi za karata mbili: Nguvu akaipeleka namba 8 na Haki akaipeleka namba 11. Hebu jiulize, kama kila namba ina siri yake ya ghaibu, mtu anaihamishaje kama anayehamisha kiti, na wateja wakaendelea kusema "kweli tupu"?

Sasa, hiyo "kweli tupu" inatoka wapi? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa kupima tabia. Baadaye kila mmoja akapewa karatasi yenye maelezo yake, akaombwa aseme yanamfaa kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tano. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa maelezo yale yale, ambayo sehemu kubwa aliyachukua katika kitabu cha nyota! Mwingine, Ray Hyman, alikuwa kijana anayejipatia riziki kwa kusoma viganja, na yeye mwenyewe akiamini kazi yake. Siku moja alishauriwa awaambie wateja kinyume cha kile ambacho mistari "inasema". Akafanya hivyo. Wateja wakastaajabu vile vile.

Maana yake ni kwamba mteja ndiye anayeifanya kazi. Anaambiwa "kuna mtu wa karibu anayekuonea kijicho," naye anapita haraka haraka katika ukoo wake mpaka anampata. Nani asiye na mtu wa namna hiyo? Akiambiwa safari, ikatokea, karata imesema kweli. Isipotokea, ilikuwa safari ya moyo. Kitu ambacho hakina namna ya kukosea hakiwezi kusifiwa kwa kupatia.

Masahaba waliuliza swali hili hili la vijana wetu. Mtume (s.a.w.) alipowaambia kwamba makahini si lolote, wakasema: mbona wakati mwingine wanayotueleza yanatokea? Akawafahamisha kuwa ni neno moja la kweli linaloibwa na jini na kuchanganywa na uongo mia. Tazama basi tunavyofanya sisi: lile moja tunalisimulia harusini na msibani, yale mia hatuna hata mmoja aliyeyahesabu.

Wapo wanaosema hawatafuti ghaibu, karata kwao ni kioo tu cha kujitazama. Sikatai kwamba mtu hutoka pale akiwa mwepesi, maana amesikilizwa kwa saa nzima, na katika miji hii kusikilizwa kumekuwa adimu. Lakini hata rafiki angeweza kumsikiliza. Tofauti ni kwamba rafiki akisema "achana na mumeo," utabishana naye. Karata hubishani nayo.

Na tusiwacheke hao wa Tarot. Ni wangapi miongoni mwetu wanaokwenda kwa "sheikh" akawapigia ramli, akahesabu jina la mama, akaandika na aya pembeni ili mambo yaonekane ya dini? Ibn Khaldun aliichambua ramli ya mchanga zaidi ya miaka 600 iliyopita na hakuikuta na msingi wa elimu. Tunachokifanya ni kile kile, kwa kanzu.

Hasara yake haiishii kwenye ada. Sisi Tanzania tuna jina la ramli zinazotaja mchawi: ramli chonganishi. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Kadhi hawezi kumhukumu mtu bila shahidi wala kiapo, lakini mpiga ramli anafanya hivyo kila siku, na hakuna mahakama ya rufaa.

Mijini hatushiki mapanga. Tunanuna tu. Chukua mfano wa binti anayeambiwa kwamba mwanamke mtu mzima katika ukoo amemfungia ndoa yake, na karata iliyotoka ni Malkia wa Panga. Jioni ile ile amekwishampata: shangazi. Tangu hapo simu ya shangazi haipokelewi, chakula chake hakiliwi, na Idi inapita bila kutembelewa. Yeye hajui kosa lake. Hakuwepo mezani, hakuulizwa. Na siku akija kuuliza ushahidi uko wapi, ataoneshwa picha ya mwanamke aliyeshika upanga.