Kumsikiliza Usiyemchagua

Mtu anayekusanya sahani za santuri hujiwekea mojawapo ya sheria mbili. Ya kwanza ni kununua anachokipenda: benga ya Shirati Jazz kwa sababu inamrudisha ujanani, rumba ya Franco kwa sababu gitaa lile linamsisimua. Ya pili ni kushika lebo moja na kutafuta kila sahani iliyowahi kutoka nayo, iliyovuma na isiyovuma, ya lugha anayoielewa na ya lugha asiyoijua hata salamu. Wengi humwona wa kwanza kuwa mpenzi wa muziki, na wa pili kuwa karani anayejaza daftari. Mimi naona kwamba sheria ya pili, ikishikwa kwa moyo, inamsogeza mtu karibu zaidi na amri ya kumpenda jirani kuliko ile ya kwanza, na kwamba pa kuipimia hoja hiyo ni mtaa kama Pioneer, mjini Eldoret.

Lebo ninayoifikiria ni Chandarana Records ya Kericho. Ilikuwa ya familia ya Wakenya wenye asili ya Kihindi waliokuwa na duka la muziki mjini humo, na Arvind Chandarana, aliyeiendesha, alirekodi bendi za Bonde la Ufa na za magharibi mwa nchi wakati kampuni nyingi za santuri zilikuwa zimejazana Nairobi. Bidhaa yenyewe ilikuwa sahani ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu wa benga ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza huku, na anayetaka kusikia magitaa yakikimbizana baada ya mwimbaji kumaliza maneno yake sharti aigeuze sahani. Katikati kuna karatasi ya duara yenye jina la wimbo, jina la bendi, na kwa herufi ndogo jina la mtunzi. Pembeni mwa karatasi hiyo, pale mifereji ya sauti inapoishia na plastiki kubaki laini, kuna namba iliyotiwa kiwandani, hafifu kiasi kwamba huna budi kuiinamisha sahani mbele ya dirisha ndipo uisome. Mkusanyaji hapewi zaidi ya hayo. Picha hamna, wasifu wa mwanamuziki hamna, na mara nyingi hata mwaka haukuandikwa.

Kericho ni nchi ya Wakipsigis, lakini Wagusii hawako mbali upande wa kusini magharibi, Wajaluo wako upande wa ziwa, na mashamba ya chai yaliwavuta vibarua kutoka kila pembe ya magharibi mwa Kenya. Mwenye duka katika mji wa namna hiyo aliuza kwa watu wa lugha nyingi, na akarekodi kwa lugha hizo. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliimba kwa Kikalenjin, na katika orodha hiyo hiyo kuna waliopiga benga yao kwa lugha za Nyanza na za Magharibi. Anayefuata ladha yake atatoka hapo na lugha moja, labda mbili. Anayefuata lebo hana ruhusa hiyo. Namba inayofuata ikiwa ni ya Kigusii, naye hajui Kigusii, bado ni namba inayofuata.

Søren Kierkegaard, katika kitabu chake cha mwaka 1847 kuhusu kazi za upendo, aliutenga upendo wa mpenzi na wa rafiki, ambao huchagua, na upendo wa jirani, ambao hauna haki ya kuchagua. Hoja yake inauma: ndani ya yule niliyemteua mwenyewe, huenda ninajipenda mimi mara ya pili. Jambo hilo liko wazi kabisa kwenye muziki. Rafu ya mtu aliyenunua anachokipenda ni picha yake mwenyewe. Ukiipitia utamjua yeye, ujana wake, kabila lake, baa alizokaa. Rafu ya lebo nzima inakujulisha watu wengine. Na yule mwanasheria wa Injili ya Luka, alipouliza jirani yake ni nani, alikuwa anatafuta mpaka, ajue wajibu wake unaishia kwa nani. Hadithi aliyojibiwa ilimpa jirani kutoka kwa watu aliofundishwa kuwadharau, mtu ambaye asingemweka kwenye orodha yake hata kwa bahati mbaya.

Pioneer iko kando ya barabara inayotoka Eldoret kuelekea Kapsabet na Kisumu, jirani na Langas. Ni mtaa wa wapangaji na wenye nyumba wa asili mbalimbali: Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Wagusii. Hakuna aliyepangiwa jirani kwa ladha. Ukuta mmoja unatenganisha vyumba viwili vyenye lugha mbili. Na watu wa Eldoret hawahitaji kufundishwa nini hutokea majirani wanapoacha kusikizana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, na miongoni mwa mambo iliyoyatazama ni mchango wa baadhi ya redio za lugha za mama katika kuchochea chuki. Redio hizo zilienea baada ya mwaka 2000, na mema yao si haba: bibi aliyekuwa hasikii lolote kwenye taarifa ya habari sasa anasikia. Lakini zimegawa masikio. Kila nyumba ina masafa yake, na simu nayo, kwa kumpendekezea mtu kinachofanana na alichosikiliza jana, inaendelea na kazi hiyo kwa upole zaidi. Sisemi kwamba santuri zingezuia moto. Nasema kwamba sikio lililozoea kuchagua tu ni sikio lililozoea kukataa, na mazoea hayo hayaishii kwenye muziki.

Pingamizi la kwanza ni la kidini, nalo ni la haki: kukusanya ni kulimbikiza. Luka anaye tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku ule ule roho yake ingetakwa. Kurani nayo, katika Surat al-Humaza, inamkemea anayekusanya mali na kuihesabu. Na mkusanyaji wa lebo moja yuko hatarini kuliko wenzake, kwa kuwa ana orodha yenye mapengo, na pengo lina nguvu ya ajabu. Anaweza kuitamani namba asiyokuwa nayo mpaka zile mia alizonazo zikawa bubu. Wapo wanaozifunika sahani kwa plastiki wasiziguse tena, kwa kuwa kila sindano inapopita inakwangua kidogo na bei inashuka. Kwa mtu huyo sina utetezi. Sanamu si lazima iwe ya dhahabu. Ya plastiki nyeusi inatosha. Ila dhambi hapo ni kuhesabu bila kusikiliza, na dawa yake ni sheria ndogo inayotekelezeka: sahani mpya isinunuliwe kabla iliyotangulia haijasikilizwa pande zote mbili, kwa utulivu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayeshindwa na sheria hiyo aache kukusanya.

La pili linatoka kwa watu wanaoijua biashara hii. Wanasema lebo yenyewe ilichagua. Mfanyabiashara alirekodi alichotarajia kuuza, malalamiko ya wanamuziki wa Kenya kuhusu malipo ni ya tangu enzi hizo, na benga ya wakati ule ilikuwa uwanja wa wanaume, sauti za wanawake zikiwa chache mno. Basi kuichukua orodha ya duka kama kwamba ni sauti ya jamii nzima ni kujidanganya. Nakubali yote, na la wanawake linaniuma kuliko mengine, kwa sababu hakuna bidii ya mkusanyaji itakayorudisha sauti ambayo haikurekodiwa. Lakini pingamizi hili linaiangusha hoja ambayo sikuitoa. Sikusema lebo ni jamii nzima. Jirani naye si binadamu wote. Aliletwa hapo na bei ya kodi, kazi ya kiwandani, kiwanja kilichogawanywa kwa njia ambayo huenda haikuwa ya haki. Wajibu wangu kwake haungoji sababu iliyomleta iwe safi. Kilicho na uzito ni kwamba sikumleta mimi.

Kisha kuna linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi katika Bonde la Ufa Kaskazini, ambako makanisa ni mengi na ulokole una mizizi: hizi ni nyimbo za dunia. Zilipigwa vilabuni, zikachezwa na walevi, na aliyeokoka ameziacha nyuma. Siwezi kulidharau neno hilo, maana wengi wanaolisema waliona nyumba zikivunjwa na pombe, na kwao gitaa lile lina harufu ya kipigo. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kusikiliza. Ila fundisho lenyewe, likifanywa sheria kwa wote, linaenda mbali mno. Benga imejaa maombolezo ya waliofariki, sifa za marafiki kwa majina yao, mausia kwa vijana, vilio vya mtu aliyeachwa. Klabu ilikuwa mahali pa kuyasema hayo, kama vile soko lilivyo mahali pa kuyasema mengine. Anayetupa sahani hizo zote anawasahau wenye dhambi pamoja na dhambi. Na Injili hiyo hiyo ya Luka inasimulia kwamba Yesu aliitwa mlafi na mlevi kwa sababu ya watu aliokubali kuketi nao mezani.

Gumu kuliko yote kwangu ni hili: kusikia lugha usiyoielewa si kumsikiliza mtu, ni kusikia mlio. Mpangaji Mluhya anayeweka sahani ya Kipchamba na kutikisa kichwa amemjuaje Mkalenjin? Pengine amemgeuza pambo. Hapa ndipo John Mbiti anaposaidia. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu huendelea kuwa hai kwa namna fulani maadamu yupo aliyemjua anayemkumbuka kwa jina; wa mwisho wao akifa, yule marehemu huzama katika umati wa roho zisizo na majina. Kwa Mbiti kazi hiyo ni ya ukoo, na mkusanyaji si ukoo. Hata hivyo ameshika mkononi karatasi ya duara yenye jina la mtu, jina ambalo huenda halisomwi tena popote. Kulisoma hakutoshi. Ni lazima aulize wimbo unasema nini, na Pioneer ina jambo ambalo jumba la makumbusho la Ulaya halina: wa kumwuliza yuko mlango wa tatu. Mzee wa Kinandi atasikiliza, atairudisha sindano nyuma, atasema yule anayesifiwa mbona ni wa upande wa Bomet, na kwamba neno hili vijana hawalijui tena. Rafu ya ladha haimwachii mtu deni la namna hiyo, kwani kila kilichomo kilikuwa chake tangu mwanzo. Rafu ya lebo inamtuma kwa watu, mradi akubali kutumwa.

Na akikubali, atafika mahali ambapo ukamilifu na ujirani vinagongana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, zikiwemo zile ziitwazo Chemirocha, na kwa zaidi ya miaka 60 watu wa ng'ambo walizijua kuliko wajukuu wa walioziimba. Mwaka 2014 maktaba ya muziki aliyoianzisha, iliyoko Afrika Kusini, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha Kapkatet, na wakamkuta mmoja wa waliorekodiwa akiwa bado hai. Taasisi inaweza kurudisha nakala na kubaki na chake. Mkusanyaji wa Pioneer hukumu yake ni ngumu zaidi. Akija binti wa mpiga gitaa fulani, familia ikiwa haina hata sahani moja ya baba yake, sheria iko upande wa mwenye sahani: aliinunua, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tu. Lakini kwa hoja niliyoitoa hapa, sahani inapaswa kwenda na binti huyo, na nakala ya sauti ibaki kwa mkusanyaji, hata kama ilimchukua miaka kuipata na hatapata nyingine. Atakuwa na pengo kwenye namba zake. Sauti anayo, na kusikiliza ndiko alikodai kuwa ndiyo nia yake. Mtoto wa marehemu ndiye aliyekosa kitu cha kushika chenye jina la baba yake.